Babu Kashusha Mikono Katikati ya Dua

Zamda, nimetoka kwa babu kule Gongoni kuombewa dua ya chuo. Bado siamini!

Mama kataja tu kwamba nimechagua kompyuta, babu akashusha mikono. Katikati ya dua, shoga! Akashusha mikono!

"Mwaka sabini na nne serikali ilipiga marufuku kompyuta. Ruhusa imetoka lini?"

Sasa nani anajua imetoka lini?

Nikamwambia hata simu yake ni kompyuta. Akaitoa mfukoni, akaiweka mkekani taratibu kama kashika nge.

Nikajua yamekwisha, nakwenda ualimu kama wenzetu wote waliokatazwa na kwao.

Kumbe anainua mikono upya: "Ya Rabi, mfaulishe mjukuu wangu. Na wakija kumkamata, wanikute mimi mlangoni."