Mheshimiwa amenipigia magoti

Layla, uko? Wacha kazi usome hii.

Unajua kwa mchezo wetu mimi ndiye yule mtabiri namwambia yule anataka uchifu, "Utakalia kiti siku utamzika yule mnakula naye sahani moja." Anaamini, anaua rafiki yake, kiti anapata, halafu anarukwa na akili. Leo ukumbi mzima umelia.

Sasa mgeni wa heshima alikuwa Mbithi, yule anatafuta kiti cha MCA, awakilishe wadi yetu kaunti. Mchezo umeisha, niko nyuma naosha majivu usoni, akaingia. AKAPIGA MAGOTI. Mtu mzima na suti yake, magoti kwa simiti!

"Mama, yale maneno ni yangu?"

Mama?? Nikamwambia ni mchezo, mimi ni Ndanu, nafundisha darasa la nne.

"Usinifiche. Kwa kitabu cha mchezo nilichopewa ni Kiswahili, lakini wewe umesema kwa Kikamba, lugha ya wazee wetu."

Ni kweli nilibadilisha! Mtabiri wa huku ataongea aje kama msomaji wa habari? Kosa langu ni hilo tu.

Layla, ameona mpaka mwisho. Ameona vile yule mjinga ameishia. Na bado huo utabiri ndio amebeba?

Akashusha sauti. "Huyo wa sahani moja... ni Levi?"

Levi! Wamesoma pamoja tangu nasari, na ndiye anamtafutia kura.

Kabla nijibu, Levi mwenyewe akachungulia mlangoni, amemshikia koti. "Mheshimiwa, nyama imeiva, twende tule."

Mbithi akainuka, akapangusa magoti, akanikonyeza kama tumeelewana.