Pikipiki ya marehemu kaka Chacha

Mama Bhoke mpenzi,

Nakusalimu kutoka Tarime, mvua haijakata.

Leo nimewasha pikipiki ndogo ya porini ya marehemu kaka Chacha, nikapita njia za ng'ombe nyuma ya mtaa wa Nyamisangura. Matope yalinirukia mpaka kifuani, nami nikacheka kwa sauti, mzee mzima. Furaha ile nilidhani imebaki ujanani.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameukimbilia mlio langoni na maji ya kunawa, kama alivyompokea mumewe kila jioni. Aliponiona alisimama.

"Masikio yamenidanganya, shemeji," alisema. "Basi nawa, ugali usipoe."

Nikanawa. Tukala.

Wabusu wajukuu. Nawe ukisikia hodi yangu Jumapili, mke wangu, amini ni mimi.

Baba Bhoke