Jumapili Tuliyofungua Madirisha

Shamba la Tackett,
Kusini mwa Boise City, Oklahoma.
Jumapili, 14 Aprili 1935.

Mpendwa Nettie,

Pokea salamu za shangazi yako kutoka huku ulikozaliwa. Hujambo, mwanangu? Na baba yako je, mgongo umepona, au bado anautumia kukwepa kazi? Sisi tupo, tunapumua, na kwa huku hilo si jambo dogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema mwalimu wenu huko California anataka mwandike jinsi vumbi lilivyoanza. Mwambie tulilianzisha wenyewe. Ngano ilipopanda bei tuling'oa nyasi zote kwa trekta, mpaka mlangoni. Kisha mvua ikakatika, udongo ukakauka na upepo ukaanza kuubeba, na sasa ni mwaka wa nne. Mume wangu Harlan husema, "Shamba letu limeshahamia Texas. Sisi ndio tumechelewa."

Mengine unayakumbuka mwenyewe: sahani tunazilaza kifudifudi mezani mpaka chakula kiive, na madirishani tunatundika mashuka yaliyoloweshwa. Kupeana mikono tumeacha kabisa. Vumbi likivuma, umeme unakaa mwilini mwa mtu; ukimgusa mwenzako cheche zinaruka, na hata mwanamume mzima huanguka. Kanisani tunasalimiana kwa kutikisa vichwa.

Sasa habari za binti yangu Veda. Bado anakohoa. Daktari anasema mapafu yake yameingia vumbi na hatavumilia msimu mwingine hapa. Najua baba yako amejitolea kuja kumchukua akae nanyi, na Harlan ameridhia. Mimi sikubali. Ana miaka sita, na sina mwingine. Mwambie baba yako asije.

Tena leo kumetakata, hakuna hata wingu. Nimeshusha mashuka yote, nimeyafua na kuyaanika, na madirisha yako wazi. Majirani nao wamefanya hivyohivyo. Harlan amekwenda kuwanywesha ng'ombe. Veda yuko uani, mara ya kwanza tangu Februari, namsikia anawaimbia kuku.

Ndege wanapita juu ya nyumba, wengi mno, wote wanaelekea kusini. Hawalii. Na baridi imeingia ghafla. Veda ameniita hapa dirishani: "Mama, mbona kuku wanaingia kulala? Jua si bado lipo?" Ngoja nitoke nimtazame.

Jumanne, 16 Aprili.

Nettie, naendelea. Vumbi lilitoka kaskazini, ukuta mweusi kutoka ardhini hadi juu, na halikuwa na sauti. Lilinifunika nikiwa katikati ya ua. Niliinua kiganja mbele ya macho, sikukiona. Nilimwita Veda, mdomo ukajaa udongo.

Nikatambaa. Nikapapasa ndoo, ukuta wa banda, kamba ya mashuka. Nilijua nimemuua mwanangu mimi mwenyewe, kwa kumtoa nje. Kisha cheche ya buluu ikaruka vidoleni mwangu, ikaniuma mpaka begani, na kwa mwanga wake nikauona mkono mdogo. Niliukamata, sikuuachia tena mpaka Harlan alipotufikia kwa kufuata waya wa seng'enge.

Yu hai. Akikohoa anatema matope meusi, na usiku tunapokezana kumpakata ili asilale chali. Tangu siku ile Harlan hajafanya utani wowote, na hilo linanitisha karibu sawa na kikohozi chenyewe.

Yale niliyoandika huko juu sikuyafuta. Baba yako ayasome aone nilivyokuwa mpumbavu. Kisha aje. Aje upesi, asingoje Pasaka. Mimi na Harlan tutabaki na ng'ombe. Gari halitutoshi sote, na mtu akiacha shamba hapa halikuti tena.

Nisalimie mama yako Opal na mdogo wako Dewey, na mwambie Dewey ampishe Veda alale upande wa dirisha. Mungu awalinde, aiache hewa yenu kama ilivyo.

Nawe nina ombi kwako. Mezani atageuza sahani yake kifudifudi, usimcheke. Na ukimpa mkono, ataurudisha wake nyuma kwa hofu. Mshike tu.

Ni mimi nikupendaye daima,
Shangazi Idabel