Dungu la Baba Halitolewi kwa Simu

Ziwa Salo,
Michigan ya Kaskazini.
Desemba 3

Mpendwa mdogo wangu Reino,

Nakusalimu kutoka huku kwenye theluji, nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi na sauna yetu ya kuogea mvuke ikipata moto nje. Natumaini wewe, Marlene na wanao hamjambo, na kwamba joto la Arizona limeyatuliza magoti yako. Mimi ni mzima. Bega nililopasuliwa mwaka jana huuma baridi ikizidi, lakini kuni bado napasua mwenyewe.

Kile kipande cha kitambaa kilichokuangukia ulipofungua bahasha kiweke mezani kwanza. Nitakifikia.

Nimekasirika, Reino. Nakwambia mapema usije ukasoma ukidhani dada yako anatania kama kawaida yake.

Unajua macho yangu yamechoka. Kile kijiti cha kulengea cha mbele ya bunduki ya Baba sikioni tena, nakiona kama ukungu tu. Nikaamua msimu huu nifunge darubini juu yake. Sikukurupuka. Nilijiuliza nawindia wapi, na jibu unalijua: kwenye dungu la Baba, kile kijukwaa chake cha kuvizia, katikati ya mierezi, mahali ambapo kulungu ukimwona mbali sana basi yuko umbali wa kutoka sauna hadi kisimani. Nikajiuliza pia naibebaje. Naibeba kwa bega bovu, napanda nayo kilima chote kile kwenye theluji. Bunduki ya Baba ni nyepesi, ndiyo raha yake. Kuitwisha mzigo juu ni kuiharibu.

Basi nikachagua darubini ndogo katika duka la zana pale mjini. Fupi, nyembamba, inakuza mara nne na basi, haina cha kuzungusha wala cha kusahau. Ukiiweka kiganjani huhisi kitu. Bei yake ilikuwa ya mjane anayejua bei ya mafuta ya kupashia nyumba. Nilimwambia mwenye duka aniwekee.

Kosa langu ni kuitaja mbele ya shemeji yetu Duane. Alicheka mpaka dada yetu Aune akamwambia anyamaze. Akasema, "Shemeji, hicho ni kitu cha kupigia panya ghalani. Niachie mimi, nitakufungia kitu cha maana." Nikamjibu kwamba nimekwisha chagua. Akaomba angalau aisafishe bunduki kabla ya msimu, nami nikampa, maana mume wa dada yako akitaka kukusaidia utamkatalia vipi?

Ilirudi siku moja kabla ya ufunguzi wa msimu ikiwa na dude juu yake. Kubwa, jeusi, refu karibu sawa na bomba la jiko. Linakuza hadi mara kumi na sita. Zawadi, akasema, na kambi nzima ya wawindaji ikapiga meza kwa furaha. Nikiinyanyua, bunduki inalalia upande kwa uzito. Tena alilifunga juu mno, ikabidi nirefushe shingo kama bata ndipo nione, shavu langu likaachana kabisa na kitako. Nilisema asante. Watu wote walikuwa wananitazama, na muda wa kubadilisha haukuwepo.

Hata hivyo nilijitahidi. Nililizungusha nikaliweka kwenye ukuzaji mdogo kabisa, nikaiegemeza bunduki ukutani. Kumbe jioni ile, nikiwa sauna, Duane aliichukua kuwaonyesha wenzake bomba la moshi la kambi ya ng'ambo ya ziwa. Akaliacha kwenye kumi na sita. Hakurudisha, wala hakusema.

Asubuhi ya ufunguzi alikuja dume, Reino. Ncha za pembe zake nilizihesabu kwa macho yangu haya mabovu, ndivyo alivyokuwa karibu. Nikainua lile dude, nikatazama, nikaona manyoya. Manyoya tu, yamejaa kioo kizima. Sijui ni bega, sijui ni tumbo, sijui ni mwerezi wenye kuvu. Nikahangaika na ule uzito, nikafyatua. Risasi ikaenda zake. Dume naye akaenda zake, mzima, na mkia wake mweupe juu.

Mlio ulisikika kambini, kwa hiyo hakukuwa na la kuficha. Taisto alikuwa ameshika mkasi kabla sijavua buti. Yeye ndiye mkubwa wa kambi sasa, na sheria anaishika vilevile kama alivyoishika Baba: aliyefyatua akakosa hukatwa pindo la shati, na pindo hupigiliwa ukutani. Mimi siipingi sheria hiyo. Nimewacheka wengi, na wewe nilikucheka mara mbili. Lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa shati la marehemu Wilho, lile la sufu la miraba myekundu na myeusi. Nilimwambia Taisto nivae lingine kwanza. Akasema, "Shati ulilokosa nalo ndilo linalokatwa. Geuka, Lempi."

Nikageuka. Nilisikia mkasi ukila shati la mume wangu, na nyuma yangu Duane anacheka kwa sauti kuliko wote.

Hilo ningelimeza. Ninalokuandikia ni lililofuata. Tulipokaa kula, Duane akafuta mdomo, akasema mbele ya wote, "Usihuzunike, shemeji. Mwakani utabaki hapa na kahawa yako, mimi nitakaa dunguni kwa mzee. Nimekwisha ongea na Reino kwenye simu. Kasema sawa, dada amezeeka."

Kweli, Reino? Ulisema hivyo? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikutegemea nguo yenyewe iwe imetundikwa Arizona. Baba aliniachia mimi dungu lile kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi alipokuwa hawezi kupanda peke yake. Kila mwaka nabadilisha mbao zilizooza. Wewe hujalikalia tangu uhame, na Duane hajui hata upepo unatoka upande gani pale. Mnagawana kitu changu kwenye simu kama viazi vilivyobaki sufuriani!

Kesho yake niliteremka mjini, nikachukua kidude changu cha kupigia panya. Lile dude kubwa nililifungua kwenye meza ya jikoni kwa bisibisi, nikalirudisha kwenye sanduku lake, nikampelekea Aune. Ile ndogo niliifunga chini kabisa, shavu likakaa palepale lilipozoea. Nikaenda kwenye lile shimo la kokoto, nikapigilia sahani ya karatasi kwenye gogo, nikapiga nikirekebisha hadi matundu yakakaa pamoja katikati. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ilikuja theluji, ikaja mvua, ikaja theluji tena. Kulungu hawakutokea. Duane akawa ananiuliza kila jioni kama panya wamepungua. Nami kila asubuhi nilipanda kilima, na bega halikulalamika.

Siku ya mwisho ya msimu, karibu na machweo, dume alitoka mierezini. Sijui kama ndiye yule, ila napenda kuamini ni yeye. Kioo kilinionyesha kulungu mzima, kichwa, shingo na bega, pamoja na matawi aliyosimama kati yake. Nilingoja ageuke. Risasi moja. Alipiga hatua chache akaanguka, nami nikakaa pale dunguni nikalia kidogo, nikimkumbuka Wilho, kisha nikashuka.

Aliyemburuta hadi kambini ni Duane, kwa kuwa ndiye mwenye mgongo mzima. Njia nzima hakuuliza habari za panya.

Wakati wa chakula nilimwomba Taisto mkasi. Nikauliza: mtu akipima vibaya, akafyatua neno bila kuona analolenga, amekosa au hakukosa? Taisto akafikiri, akasema amekosa. Nikauliza tena: akiwa mbali je? Akasema sheria haina umbali. Duane akashika pindo lake kwa mikono miwili, maskini, akidhani namwendea yeye. Nikampita. Nikaenda hadi kwenye ule msumari nyuma ya mlango, linakoning'inia shati lako la kijani uliloacha mwaka ule ulipohama, na ambalo hakuna aliyethubutu kuliondoa kwa sababu mimi nilikataza.

Kitambaa hicho cha mezani ni pindo lako, mdogo wangu. Umekosa.

Ukutani nimekuachia nafasi kando ya pindo la Wilho. Sikutaka kukipigilia mimi. Njoo Novemba ijayo ukipigilie mwenyewe, mbele ya watu wote, na mkono huohuo unishikie ngazi nikipanda.

Nisalimie sana Marlene na watoto. Aune anawasalimu, Taisto pia, na hata Duane, nimekubali kuandika jina lake. Nyama yenu nimeigandisha. Mungu akulinde na akulete nyumbani salama.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,

Lempi