Chungu cha Kisamvu Kilichokwenda Mtua

Lionja, Nachingwea
14 Agosti 1953

Kwa dada yangu Mwanaheri, Mbekenyera, Ruangwa.

Asalaam aleikum. Salamu nyingi zikukute mzima, wewe na shemeji Salimu na yule mbuzi wenu mkorofi. Goti lako limepoa? Mimi mdogo wako sijambo, ila meno tu. Machache yaliyobaki hayasemezani. Anayekusomea barua hii mwambie asiruke mistari, na akifika chini asikohoe.

Najua umenuna. Shehe, kaka yake Fatu, amerudi huko na habari zake, na Shehe akibeba habari huitia chumvi kuliko mboga. Wewe ulikwisha toa neno lako kwa dada yake, Fatu, kwamba mdogo wako ni mtu wa maana, na nyumba yake haina mwanamke tangu marehemu Mwantumu atutoke. Ndipo Shehe akaja na shangazi zake wawili kunitazama. Wakiridhika, namwoa Fatu. Wasiporidhika, wewe unapata aibu na mimi naendelea kula ugali nikiutazama ukuta. Basi nisikilize na mimi.

Niliamua kupika mwenyewe. Unakumbuka nilivyofanya kazi jikoni kule kambi ya karanga, kabla Wazungu hawajafunga virago. Wageni wao walikuwa wanawekewa bakuli moja la mboga ya moto katikati ya meza, kila mtu anachovya kipande chake cha mkate, tena wamesimama kama punda mtoni. Nikasema, hili naliweza, ila wangu watakaa.

Nikachuma majani machanga ya muhogo, nikayatwanga mpaka kinu kikaomba radhi. Majirani wakachungulia uani, wakauliza kama nimehamia upande wa wanawake. Nikawaambia nimehamia upande wa wenye njaa. Nikachemsha chungu wazi, bila kufunika, mpaka ukali wa majani ukatoka, ndipo nikatia kitunguu, nyanya na karanga za kukaanga nilizozisaga laini. Nikakoroga mpaka mboga ikawa nzito, ikichovywa inashika. Muhogo nikauchoma, nikaukata vipande virefu vya kuchovyea.

Wageni wakaketi mkekani. Nikateka mboga kidogo bakulini, chungu nikakiacha kwenye makaa kisipoe. Shehe alichovya mara moja, akafumba macho. Shangazi mmoja akasema haijapata kutokea mwanamume akapika hivi. Nikajua Fatu ni wangu.

Hapo akaingia Biasha wa Mtua. Ukoo wake na wetu ni watani, hilo hukufundishwa na mimi. Alipitia mlango wa nyuma, akasema anasikia mzoga wake, yaani mimi mtani wake, unataka kuoa bila kumwalika. Akaimwaga mboga ya bakuli la wageni chunguni, akakishika chungu kwa kanga yake, akajitwika, akatoka. Na wewe wajua: mtani akichukua, hachukuliwi hatua, hakimbizwi, na ukinuna unatozwa kuku. Nikakaa nikicheka. Wageni wakabaki na muhogo mkavu mkononi.

Shehe hakucheka, maana utani huo si wake. Alisimama akasema mtu asiyeweza kulinda chungu hataweza kulinda mke. Wakaondoka. Mpaka hapo Shehe hakukudanganya.

Kesho yake nikaenda Mtua kukomboa chungu, na jogoo kwapani. Nilimkuta Biasha amekiosha, amepika kisamvu kingine ndani yake. Akaniambia changu kilikuwa kizuri kwa mtu asiye na ulimi. Tukala pamoja, tukichovya chungu kimoja, akinitukana mpaka jua likainama. Jogoo hakumchinja. Alisema ana sura ya shemeji yangu.

Sasa dada, uliagiza nikuambie ni nani aliyempasha Biasha habari za wageni wale. Ni mimi. Nilimkuta mnadani Nachingwea, nikamtajia siku, nikamtajia mboga, na mlango wa nyuma nikauacha wazi kwa mkono wangu. Fatu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini siku ya msiba wa Mwantumu, ulipokuwa unalia, ni Biasha aliyevaa kanzu yangu akatembea kwa kuchechemea kama mimi mbele ya waombolezaji, mpaka nikacheka, nami nilidhani sitacheka tena. Tangu siku hiyo nilikuwa namtafutia kitu cha kuja kuiba. Shehe amesema kweli: sikukilinda chungu. Sikutaka.

Ijumaa iliyopita imamu wa Mtua alitufungia ndoa, mimi na Biasha. Nilikosa ujasiri wa kukuita kabla, nikaona nikuite baada. Mwombe Fatu radhi kwa maneno yako matamu, maana yangu yangemfanya acheke, na wenye kucheka nimeshapata mmoja.

Wifi yako wa utani anakusalimu na kusema nyumba haijawa nyumba mpaka wifi aingie. Chungu kimerudi Lionja. Njoo, hata kama ni kwa kunigombeza, utanikuta nimekwisha twanga. Ila bakuli lako ulishike kwa mikono miwili.

Wako aliyekufuata tumboni,
Kaimu bin Abdulatifu