Majua Mawili, Benchi Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba upesi, maana barua hii naiandika nikiwa nimejifungia chooni kazini, mahali pekee ambapo bosi hawezi kunipiga bega kunipongeza.

Kazi yangu ni kutengeneza kwa kompyuta picha za majengo ambayo bado hayajajengwa, ili mnunuzi aione nyumba yake kwa nje kabla hata msingi haujachimbwa, na nilijiona fundi hasa mpaka siku bosi, ambaye ni msanifu majengo na mdomo wake hauna breki, aliposimama nyuma ya kiti changu akasema, “Jengo zuri, lakini nyasi zimepigwa pasi, ukuta umetoka kuoga, na hawa watu wako wanatembea kama wamekufa juzi,” na kweli mshauri, watu wenyewe nilikuwa nawachukua walivyo kwenye kompyuta, wote wana suti na mikoba, hakuna anayejikuna wala anayemsubiri mtu, na mmoja alikuwa anaelea shibiri nzima juu ya lami.

Niliumia, nikaamua kujirekebisha, nikazunguka mitaani wiki mbili nikitazama kuta za watu hadi mlinzi mmoja akanifukuza, nikajifunza kwamba mvua huacha michirizi chini ya madirisha, kwamba ukuta huchafuka pale chini matope yanaporukia, kwamba hakuna jengo ambalo mapazia yote yamefungwa sawasawa, na kwamba kioo cha dirisha hakionyeshi bluu tupu bali nyumba ya jirani iliyo mbele yake. Nikavitia vyote, nikatia na kandambili moja iliyosahaulika kwenye roshani, picha ikaanza kupumua. Wakabaki watu. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

Asubuhi moja nilimpiga picha baba mdogo, mume wa mama mdogo aliyenilea tangu darasa la pili, bila yeye kujua, ameketi kwenye benchi nje ya duka la kinyozi, amejipinda kwa kicheko, anamsimulia kinyozi jinsi mama mdogo, wiki ya kwanza ya ndoa yao, alivyomkimbiza mwizi kwa mwiko hadi kona, kumbe mwizi mwenyewe ni msoma mita za maji. Jioni ya siku nyingine nikampiga picha mama mmoja mwenye gauni la njano kituoni akisubiri basi, simjui, hanijui. Nikawakata wote wawili nikawaketisha benchi moja mbele ya jengo langu, bega kwa bega. Bosi alipoiona akainama hadi pua ikakaribia kioo cha kompyuta, kisha akasema, “Hii sasa ina watu.” Likachapwa bango la mita kumi, likasimamishwa kwenye uzio wa kiwanja, barabara ileile anayopita mama mdogo kwenda shule anakofundisha hesabu.

Picha ilikuwa safi mno, mshauri. Hata kile kifungo chekundu ambacho mama mdogo alikishona kwenye shati jeupe la mumewe kilionekana. Jioni ile nyumbani hapakukalika.

“Mimi benchi hilo sijawahi kulikalia!” baba mdogo aliapa.

“Jengo bado, mwanamke tayari!” mama mdogo akamjibu, kisha akanigeukia. “Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Hebu nikuzie huyu mwanamke nimwone vizuri.”

Nami nikamkuzia.

Leo ni siku ya nne hawasemezani. Jana mama mdogo, akichambua mchele, aliniambia polepole, “Huyo mwanamke hanisumbui. Kinachoniuma ni kile kicheko. Mimi alinichekea hivyo lini?” Nilitaka kusema, badala yake nikaanza kumsaidia kuchambua. Ushahidi upo ndani ya picha yenyewe: baba mdogo kivuli chake kinaenda kushoto kwa sababu ilikuwa asubuhi, yule mama chake kinaenda kulia kwa sababu ilikuwa jioni, wamekaa benchi moja na kila mtu ana jua lake. Lakini nikilisema hilo bosi naye atajua, na Jumatatu ananifanya mkuu wa picha zote kwa sababu, asema, hakuna anayenishinda kwa uhalisia. Nifanyeje? Nisubiri bango lipauke?

Mchora Majengo

*

Wewe, toka chooni kwanza, kuna wenzako wana shida.

Nimekucheka hadi nikajifuta machozi, halafu nikakasirika, basi vumilia vyote viwili. Pole kwa hofu uliyo nayo. Lakini mtu mwenye jicho la kuona michirizi chini ya dirisha la mtu baki ameshindwaje kuona uso wa aliyemlea? Na ukaombwa ukuze, ukakuza! Mkono haukuganda?

Mama mdogo ana swali moja tu, na jibu lake analo mtu mmoja duniani, nawe umelikalia siku nne kwa sababu ya cheo. Baba mdogo alikuwa anacheka kwa ajili yake! Yeye mwenyewe hajui ni kicheko kipi ulichokinasa, maskini, atajiteteaje? Kuna mume ambaye bado anamsimulia kinyozi habari za mkewe na mwiko, na mke huyo anachambua mchele akidhani amesahauliwa.

Sasa sikiliza. Leo, si Jumatatu, chukua picha ya kwa kinyozi ambayo hukuikata, nenda nayo nyumbani, waketishe wote wawili. Usianze na vivuli, anza na mwiko. Mama mdogo akikurushia kitu, inama kikupite, kisha ushukuru. Vivuli ataviona mwenyewe. Mwalimu wa hesabu hashindwi na pembe.

Kesho ingia kwa bosi kabla hajaketi. Mwambie bango lishushwe na umweleze sababu. Akikasirika, mkumbushe kwa adabu kwamba msanifu mzima alipitisha majua mawili yenye urefu wa mita kumi asiyaone, mmekosa wawili. Cheo kikiondoka, kiondoke. Na tangu sasa, kabla ya kumwazima mtu sura yake, mwombe. Binadamu si mti wa kupambia ua.

Ukitoka ofisini nenda moja kwa moja kituo cha basi ukamngoje yule mwenye gauni la njano. Jina lake hulijui, namba yake huna, utasimama hapo mpaka apite. Fanya haraka. Pengine naye ana mtu nyumbani anayesoma mabango.