Nilimpigia Kura Mpinzani Wangu

Buffalo, Jumamosi jioni. Theluji iliyoyeyuka juzi imerudi, nyepesi, ya majimaji, inayolowesha viatu tu bila hata kupendeza macho. Nina hasira, na mtu wa kumkasirikia ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika hapa.

Nianze na Jumatano, maana ndipo nilipoharibu.

Chama chetu cha wanafunzi wa afya pale chuoni kilikuwa kinachagua afisa wa ustawi na shughuli za kijamii. Kwa maneno ya kawaida, huyo ndiye anayewatembelea wanafunzi wagonjwa, anayeandaa tafrija, na pia, na hili ndilo nililolitaka mimi, anayeruhusiwa kuingia ofisini kwa mkuu wa idara na kumsemea mwanafunzi aliyekwama. Tuligombea wawili: mimi, na Megan wa Kenmore, kitongoji cha hapa jirani, msichana mchangamfu anayeweza kumsalimia hata mtu aliyelala.

Niliitaka nafasi hiyo kwa ajili ya Espérance.

Espe ni binti wa majirani zetu wa zamani kwenye kambi ya wakimbizi. Familia yake ilipelekwa Louisville, yetu ikaletwa huku. Alipomaliza sekondari alikuwa anapanga mizigo na wazazi wake kwenye ghala moja upande wa Okolona, hukohuko Louisville. Ni mimi niliyempigia simu mwaka jana nikamshawishi aje Buffalo asomee unesi, akae nyumbani kwetu. Akaja. Ananiita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu Kivu. Muhula huu alikosa siku kadhaa za mazoezi ya hospitalini. Alikuwa anaumwa tumbo, akaona haya kumweleza mwalimu kwa Kiingereza chake, na mwalimu akamhesabu mtoro. Wakimwondoa kwenye mazoezi, mwaka wake umekwenda na maji. Nilimwambia atulie, nikichaguliwa tutalimaliza.

Basi Jumatano tukakutana darasani. Megan alizungumza kwanza. Alisema yeye anafaa, akaeleza kwa nini anafaa, kisha akamalizia kwa kusema kwamba anafaa. Mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alipochaguliwa kuongoza kwaya ya akina mama kanisani, alikataa, akasema magoti yanamuuma, akaenda kujificha jikoni. Wakamfuata wakamtoa kwa vigelegele. Baadaye tuligundua kitenge cha uongozi alikuwa ameshakishona. Ndivyo mambo yanavyokwenda: unakataa, unaombwa, unakataa tena kidogo, unavutwa, unakubali ukiwa na machozi.

Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema kwamba sistahili, kwamba wapo wengi wanaonizidi, na kwamba Megan ana moyo mzuri wa kazi hii. Nikainamisha kichwa.

Nikangoja kuombwa.

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema asante sana, tupige kura kwa kunyoosha mikono. Jina la Megan lilipotajwa mkono wangu ulipanda wenyewe, kwa sababu kujipigia kura mbele za watu ni uroho. Rafiki zangu, niliowabembeleza wiki nzima, wakanitazama, wakatazamana, nao wakanyoosha. Walidhani nimejitoa. Jina langu lilipotajwa hakuna aliyejisumbua, isipokuwa Espe kwenye viti vya nyuma, mkono juu kabisa, peke yake.

Sijui kwa nini sikuiona aibu yake siku ile. Niliiona yangu tu.

Megan alinikumbatia, akasema hajapata kuona mtu muungwana kama mimi. Akaniuliza kama kuna mwanafunzi yeyote mwenye shida ili aanze naye. Nikamjibu kwamba hakuna, wote wazima. Nilikuwa na kinyongo. Sikutaka Megan ndiye amwokoe Espe wangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kushindwa, na nimelizunguka siku nzima kabla ya kuliandika.

Jioni ile ya Jumatano, Mama aliporudi kutoka kwenye kazi yake ya kutunza wazee, nilimsimulia akiwa bado anavua viatu. Kwanza alicheka. Halafu akakasirika.

“Bon, haya, weye mwenyewe ulipatia ule mwenzako kura? Huku haiko kanisani, mwanangu. Muzungu ukimuambia hautaki, anaamini hautaki. Anaendelea na kazi yake.”

Nilimkumbusha habari ya kujificha jikoni. Akasema wale walikuwa watu wa kwetu, alijua watamfuata.

Alhamisi nikiosha vyombo, Espe akaja akasimama mlangoni. “Yaya, miye nafikiri nirudi tu Louisville,” akasema. “Masomo imenishinda.” Nikamwambia afikirie vizuri, nikaendelea kusugua sufuria. Ijumaa akarudia. Shangazi yake wa Columbus angempokea njiani, na kule ghalani bado wanatafuta watu. Alikuwa anakunja blauzi moja, anaikunjua, anaikunja upya. Mimi nikamjibu kwa Kiingereza, nikijiona mtu mzima sana, kwamba ni maisha yake na ninauheshimu uamuzi wake. Hata tiketi ya basi nikamkatia mimi.

Leo asubuhi nilimpeleka. Tulipita Grant Street, kwenye maduka ya watu wa kwetu, anunue zawadi ya shangazi yake, unga wa muhogo na dagaa, naye akachagua dagaa taratibu kama mtu anayechagua dhahabu. Nilikuwa nikiangalia saa, eti asichelewe. Pale stendi alinishika mkono, hakuuachia upesi. “Donc, basi naenda, yaya.”

Nikamwambia safari njema.

Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza kama nilimkatalia kuondoka. Nikasema angekataliwa vipi, alikuwa ameshaamua. Mama akaniuliza alikuwa ameaga mara ngapi. Nikafikiri, nikasema Alhamisi, Ijumaa, na leo. Mama akaketi kwenye kiti, koti likiwa bado mwilini.

“Mutu mwenye anaenda kweli haagi mara tatu,” akasema.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Huyu wangu amekuja akiwa ameshaota meno. Siku nne nimewalaumu wanafunzi darasa zima kwamba hawana utu, kwamba walinisikia nikikataa wakaniacha nikae na kukataa kwangu. Na katikati ya lawama hizo binti wa watu alikuwa mlangoni kwangu akiomba kitu kilekile, kwa njia ileile, kwa lugha yangu mwenyewe. Hao wa darasani wana udhuru, hawakulelewa kwetu. Mimi nina udhuru gani?

Nimemwandikia Megan bila kuzunguka. Nimemwambia niliitaka nafasi ile, na kwamba nilimdanganya niliposema wote wazima. Nimemweleza habari ya Espe, nikamwomba Jumatatu twende wote kwa mkuu wa idara. Amejibu palepale kwamba atakuwepo, na wala hakunisimanga. Ningempenda zaidi kama angenisimanga kidogo.

Kisha nikampigia Espe. Ameshafika Columbus. Nikasema, “Rudi.” Akasema hapana, amewasumbua watu vya kutosha. Nikasema rudi. Akasema shangazi ameshapika. Nikamwambia ale, alale, halafu arudi. Nikamsikia akipenga kamasi. Akasema hapana tena, lakini kwa sauti ndogo zaidi, kisha akasema ataniaga vizuri siku nyingine na simu ikakatika.

Sijui kama hapana hiyo ni ya kweli au ni ya kwetu. Zamani ningejua. Sasa nimekaa huku muda mrefu kiasi kwamba masikio yangu yamechanganyikiwa, na huenda amechoka kweli, huenda nimechelewa, na ghala la Okolona limeshampata kwa sababu ya safari njema yangu.

Kesho nitaamka mapema niendeshe gari mpaka Columbus. Akinikatalia mlangoni, nitaomba kiti.